Nishani ya Kamanda na Ujira wa Mpagazi

Ndugu msomaji, hebu tujiulize swali ambalo aghalabu hupita mbele yetu tusilijali: mtu anapovishwa nishani ya ushujaa, kinacholipwa ni kitu gani? Ni damu aliyoimwaga, ni moyo wake uliokataa kuogopa, au ni lile jambo alilolipigania? Usidhani swali hili ni la makamanda peke yao. Linakuhusu wewe uliye pwani, kwa kuwa tendo la mwanzo kabisa la mwanamaji katika Vita Kuu ya Kwanza lililotunukiwa nishani ya Victoria Cross lilitendeka katika bandari ya Dar es Salaam. Na linatuhusu sisi tulio huku Magu, ufukoni mwa Ziwa Victoria, kwa sababu nitakayoieleza.

Tarehe 28 Novemba 1914, Kamanda Henry Peel Ritchie wa manowari ya Kiingereza iitwayo Goliath aliingia bandarini kwa mashua ya mvuke. Kazi yake ilikuwa kuharibu mitambo ya meli za Kijerumani zilizokuwa humo ndani, zisipate kutoka tena. Mjini zilipepea bendera nyeupe. Ritchie alipopanda melini akakuta hamna watu, akaingiwa na shaka. Akafunga matishari mawili ya chuma ubavuni mwa mashua yake, moja huku na moja huku, yawe ngao. Shaka ile ndiyo iliyomwokoa. Walipokuwa wakitoka, risasi zikawamiminikia kutoka nchi kavu. Akajeruhiwa mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, naye angali anaongoza. Akaendelea hivyo kwa muda wa dakika 20 au 25, mpaka jeraha la nane lilipomzimisha fahamu. Mwezi wa Aprili 1915 London ikamtangaza kuwa shujaa.

Hapo ushujaa upo, na asiukatae mtu kwa sababu tu ya rangi ya bendera. Moyo wa kustahimili ni kitu adhimu popote uonekanapo.

Lakini tazama mambo ya qadari. Tarehe 13 Mei 1915 Goliath ilizamishwa usiku na manowari ya Kituruki huko Dardanelles, wakafa watu wapatao 570. Ritchie hakuwamo. Yale majeraha ambayo yangemuua ndiyo yaliyomtoa katika meli ile, naye akaishi hadi mwaka 1958, mwenye umri wa miaka 82. Katika wale 570 ni wangapi waliomsukuma mwenzao juu ya maji, wao wakazama? Usiku haukutoa ushahidi. Nishani basi, pamoja na uzuri wake, hulipa ushujaa ulioonwa na mtu mwenye kalamu.

Tena kuna wenye mji. Siku ile ile, na siku mbili baadaye, mizinga ya Waingereza iliipiga Dar es Salaam na jumba la gavana likabomolewa. Kila upande ukadai kwamba mwenziwe ndiye aliyevunja ahadi ya bendera nyeupe. Mvuvi wa Kigamboni aliyeisikia mizinga ile hakuwa mshirika wa ahadi hiyo wala wa kuivunja kwake.

Sasa tuje huku ziwani, maana vita vile havikubaki pwani. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Kiingereza yaliitwaa Ukerewe. Mwezi uliofuata yakateremka kwa meli ufukoni mashariki ya mji wa Mwanza, na tarehe 14 Julai Mwanza ikawa mikononi mwao. Kuanzia hapo Usukuma, iliyokuwa imekwisha kuwatoa wana wake kuwabebea Wajerumani mizigo, ikawatoa tena kuwabebea Waingereza. Kwa upande wa Waingereza peke yake, katika vita vya Afrika Mashariki, wapagazi waliochukuliwa hukisiwa kufika milioni moja au karibu yake, na waliokufa kiasi cha laki moja. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa baridi na kwa unga mbovu usioiva vizuri, wamejitwika masanduku ya risasi za kuulia watu wasiowajua.

Je, huyo naye ni shujaa? Wengine watasema la, kwa kuwa hakwenda kwa hiari yake. Mimi nasema aliyeamka kila alfajiri akauinua tena mzigo ule ule, huku akiwaona wenziwe wakiachwa njiani, hakukosa kitu ambacho Ritchie alikuwa nacho. Ila sitaki kumdai nishani. Jambo lake ni zito kuliko nishani.

Wapagazi hawa waliandikwa. Kila mmoja alikuwa na nambari yake katika daftari, na mshahara wake wa rupia chache kwa mwezi ukihesabiwa. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu waliokufa ilibaki haijalipwa, kwa hoja kwamba warithi hawapatikani. Baadaye serikali za Kenya na Tanganyika ziliiomba London itoe fedha hizo zitumiwe kwa manufaa ya wenyeji. Hazina ya Uingereza ikakataa.

Msomaji, wewe wajua desturi yetu mazikoni. Kabla maiti hajazikwa, mmoja wa jamaa husimama akatangaza: mwenye kumdai marehemu na ajitokeze. Katika jambo hili mdai ndiye marehemu mwenyewe, na mdaiwa yu hai, anachonga sanamu. Mwaka 1927 ilisimamishwa ile sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, na maandishi yake yanawataja wapagazi kwa heshima. Heshima ni hisani. Ujira ni haki. Aliyetoa ya kwanza akaizuia ya pili ni kama aliyezidisha sunna akaiacha faradhi.

Pengine utasema hayo ni ya dola iliyokwisha kwenda zake. Basi mfano wa karibu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika ziwa hili hili, karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwamo, wakafa 19. Wavuvi ndio waliotangulia kufika, na miongoni mwao kijana Majaliwa Jackson akasifiwa nchi nzima. Alipewa shilingi milioni moja, kisha ikaagizwa aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wako waliocheka kwamba milioni ni kidogo. Mimi lililonipendeza ni ile kazi, yaani mtu kupewa mahali pa kula kwa jasho lake. Wavuvi wengine wa asubuhi ile, ambao nao walitia mitumbwi majini, walirudi kwenye nyavu zao.

Sanamu ya Askari ingalipo, na singe yake inaelekea bandarini, kule alikojeruhiwa Ritchie. Si mbali na hapo ni Kariakoo, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi, na jina lenyewe ni la jeshi lao, Carrier Corps, likitamkwa kwa ulimi wetu. Ukienda leo kununua kanga au mchele utawakuta vijana wabeba mizigo, baadhi yao Wasukuma waliotoka huku kwetu. Ukimwita mmoja wao atautazama mzigo wako, ataupima kwa mkono, kisha ataitaja bei yake kabla hajauinua.