Bakshishi: Hisani au Haki?

Msafiri afikapo ugenini huuliza maswali mengi, na moja halikosi: je, amwachie mtumishi wa mkahawa bakshishi? Kwa kawaida hujibiwa kwa desturi ya mahali. Huko Japani haitolewi, na mgeni aiachaye mezani huenda akafuatwa njiani arudishiwe fedha zake, kwa kuwa huduma njema imo katika bei ya chakula. Huko Marekani huongezwa sehemu 15 hadi 20 kwa mia ya hesabu.

Walakini desturi hueleza litendwalo. Haielezi kama ni jema. Tangu mwaka 1991 sheria kuu ya Marekani humruhusu mwajiri kumlipa mtumishi wa namna hiyo dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi zijaze ujira hata ufikie kima cha chini, ambacho tangu 2009 ni dola 7.25. Majimbo kadhaa yameweka kima kikubwa zaidi.

Basi kiitwacho zawadi kimekuwa ujira. Zawadi hutoka katika hiari ya mtoaji. Ujira hutoka katika jasho la mtendaji. Anyimaye zawadi huitwa bahili, lakini azuiaye ujira huitwa dhalimu.

Mgeni katika nchi kama hiyo na atoe, maana njaa ya mtumishi haingoji sheria ibadilishwe. Ila asijisifu kuwa karimu: amelipa deni la mwajiri. Ukarimu huanza pale haki ikiisha kutimizwa.