Kujenga na Kujengesha

Ni desturi ya wanadamu kukistaajabia chombo na kumsahau aliyekitolea jasho. Fikira hiyo ilitushika tulipokwenda Nairobi pamoja na wanafunzi wetu kuizuru Makumbusho ya Reli, iliyofunguliwa mwaka 1971. Sisi tulio nje ya Kenya tuna sababu ya kupajua mahali hapo. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, ni mojawapo ya njia zilizoisafirisha lugha tunayoifundisha.

Hapo uwanjani zimesimama injini za mvuke za njia nyembamba, ambayo upana baina ya vyuma vyake ni mita moja tu. Iliyotushangaza kupita zote ni nambari 5918, iitwayo Mount Gelai. Ni mojawapo ya injini 34 za aina ya Garratt zilizoundwa Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Uzito wake ni kiasi cha tani 250, na kila moja ya injini hizo ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Nyingine, ndogo kuliko hiyo, yaitwa Nyaturu, kwa jina la kabila mojawapo la Tanzania.

Ndipo mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, injini hizi zimepewa majina ya milima na ya makabila. Na waliokufa wakiijenga reli, majina yao yako wapi?"

Swali hilo lilitunyamazisha. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Wanandi walipinga reli kupita katika nchi yao, na kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, akauawa mwaka 1905. Je, ni haki kukitunza na kukipaka rangi chombo kilichopatikana kwa gharama kama hiyo?

Wako wasemao kwamba vyuma hivyo viyeyushwe, kwani kuvitunza ni kumtukuza mkoloni. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kuyeyusha chuma hakumfufui aliyekufa. Humwondolea shahidi wake tu. Tena reli ile ile iliyochukua askari ilichukua pia wanafunzi, barua na mahindi, na Waafrika walioziendesha injini hizo na kutia moto matanuri yake walikuwa na ustadi unaostahili heshima. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wako wengine wasemao, "Yaliyopita si ndwele." Methali hiyo ni njema kinywani mwa aliyekosewa, anapokubali kusamehe. Lakini sisi tuliopanda gari moshi tukafika salama tumenufaika, na aliyenufaika hana idhini ya kusamehe kwa niaba ya marehemu.

Basi tufanyeje? Sisi ni walimu wa lugha, na lugha yenyewe yatuonya. Tunaposema, "Reli ilijengwa," kauli ya kutendwa humficha mtenda. Tunaposema, "Waingereza walijenga reli," tumemtaja mtenda asiye wake. Kiswahili kina neno la haki zaidi: Waingereza waliijengesha reli. Waliojenga ni wale waliolala mahemani, wakachimba udongo na kubeba vyuma mabegani. Kiambishi kidogo kama hicho chatosha kumrudishia mtu kazi yake.

Kwa hiyo twaona kwamba injini hizo zitunzwe, ila zitunzwe pamoja na hesabu yake yote. Tuliporudi darasani, tuliwataka wanafunzi waandike habari ya safari yao bila kutumia neno "ilijengwa" hata mara moja. Yule aliyeuliza swali alikaa muda mrefu kabla ya kuanza kuandika. Tulimwacha akae, maana mtenda aliyekuwa akimtafuta si rahisi kupatikana, na kazi ya kumtafuta ni yetu pia.