SHUKRANI YA MWENYE SHIBE

Sisi Wakristo tumezoea kuomba kabla ya kula. Mlo ukiisha twanawa mikono, twaondoka. Wayahudi nao hubariki mkate kabla ya kuumega, lakini sala yao ndefu huja baadaye, kwa kuwa ndivyo iagizavyo Kumbukumbu la Torati 8:10: mtu ale, ashibe, ndipo amhimidi Mungu. Desturi hiyo imefika hata kwa majirani zetu Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, ambao kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, alikuwa Mprotestanti kabla ya kuishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919.

Kwa nini baada ya kula? Aya zinazofuata zaeleza: aliyeshiba na kujenga nyumba nzuri yu karibu kumsahau Mungu. Na amsahauye Mungu atamkumbuka jirani? Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Hapa Karagwe na Kyerwa mgeni aonapo migomba, maharage na kahawa hudhani hakuna mwenye njaa. Lakini mnyauko wa migomba, ulioonekana Kagera mwaka 2006, umewaachia wengine vibanja vitupu. Tena wapo wauzao kahawa ikingali maua, kwa bei ya kutupa, wapate unga wa leo. Hiyo ndiyo butura. Serikali imeikataza, nayo hufanyika kwa siri, maana njaa haingoji mavuno.

Mnunuzi aweza kuwa mzee wa kanisa, aketiye kiti cha mbele. Husema, "Nimemsaidia." Je, kweli? Kutoka 22 yakataza kumtoza maskini riba, na vazi lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya jua kuchwa. Walawi 19 nayo yamwachia maskini pembe za shamba. Angalieni, haisemi mwenye shamba atoe akipenda. Pembe ile si yake kuivuna.

Kibanja cha migomba hakina pembe kama shamba la ngano. Twakata mkungu mmoja mmoja mwaka mzima. Pembe yetu yatupasa kuitafuta kwingine. Mimi naiona katika chama cha msingi cha ushirika: kikiwa na akiba ya kukopesha wanachama kabla ya kahawa kuiva, mnunuzi wa maua atakosa wa kumwuzia. Neno hili mwenye njaa hawezi kulisema, kwa kumwogopa anayemdai. Lisemwe na aliyeshiba. Mkutano mkuu wa kijiji huitwa kila miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kunyosha mkono.