Samvete: Kujua Pamoja



Siku hizi tunasikia sana: "Dhamiri yangu hainisuti, basi yameisha." Lakini je, dhamiri ni ya kwangu peke yangu?

Waswidi huiita dhamiri samvete. Ni neno la sehemu mbili: sam, yaani "pamoja", na vete, lenye asili moja na veta, "kujua". Limefuata muundo wa neno la Kilatini conscientia, ambalo nalo limebeba "pamoja" na "kujua". Hata syneidesis, neno la Kigiriki alilotumia Mtakatifu Paulo katika Warumi 2:15, limeundwa hivyohivyo. Neno letu dhamiri limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kufichika: kilicho ndani, kisichoonekana.

Sasa mtihani uko hapo. Hela ya mtu imeingia kwenye simu yako kwa kukosea namba. Umezima simu, hakuna anayejua. Kweli? Wewe unajua. Na hujui peke yako: Mungu anajua pamoja nawe.

Utasema: mbona kuna anayekula hela hiyo na analala fofofo? Ndiyo, dhamiri nayo husinzia ikiachwa ijiamulie yenyewe. Ndiyo maana Kanisa linafundisha kwamba dhamiri hulelewa: kwa Neno la Mungu, sala na ushauri mwema. Dhamiri kunyamaza si ushahidi kwamba uko safi.

Leo kabla ya kulala, usiishie kujiuliza "nani kaniona?" Sema: "Bwana, mimi na wewe tunajua nini?" Kisha rudisha hela ya watu.