Degedege la Sungura

Ukilisikiliza vizuri neno degedege, utasikia mbawa ndani yake. Wazee wa pwani walisema kuna dege, ndege mkubwa wa usiku asiyeonekana, na mtoto mchanga akipitiwa naye hukakamaa, hugeuza macho na kutetemeka. Ukishaliita jambo kwa jina hilo, la kufanya linajulikana. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulikuta wazazi wengi wakimpeleka mtoto wa namna hiyo kwa mganga kwanza, na wakiiogopa sindano ya hospitali kwa kuamini kwamba mwenye degedege akidungwa hufa. Huenda wengi wa watoto hao walikuwa na malaria kali. Siwacheki wazazi wale. Walimpenda mtoto, walikimbia usiku, walitumia fedha wasizokuwa nazo. Jina ndilo lililowachagulia njia.

Nimeyafikiria haya kwa sababu ya sungura wawili wachanga wa mpwa wangu.

Dada yangu ameolewa Pete, kijiji jirani na msitu wa Jozani. Ukiteremka kwenye daladala ya Makunduchi unasikia kima punju kabla hujaona nyumba. Mpwa wangu ana miaka kumi na mbili na anafuga sungura nyuma ya jiko, katika banda la mbao na wavu. Jike lake lilizaa sita. Walipofika kama wiki ya saba, wawili waliugua kwa siku moja, na nilikuwepo. Mmoja alianguka ubavu, akatupa kichwa nyuma, miguu ikapiga hewa kama anayekimbia, kisha akalegea. Mwingine alikuwa na kichwa kilichopinda upande, na kila alipojaribu kusogea alijiviringisha mara tatu nne mpaka akagonga ubao wa banda.

Ndani ya dakika moja ua mzima ulikuwa na majina. Mama mkwe wa dada alisema degedege. Jirani aliyechungulia juu ya ukuta alisema kifafa. Shemeji alikuja na kisu. Hakuja kwa ukatili, na naomba msomaji aliyekulia mjini asimhukumu haraka. Hoja yake ilikuwa na miguu miwili: kwamba mnyama akifa mwenyewe anakuwa kibudu, na kwamba kumwacha kiumbe akitapatapa mbele ya watoto ni kukosa huruma. “Hata kama hatumli,” alisema, “tumpumzishe.”

Mpwa wangu hakulia. Aliniuliza, “Mjomba, anaumia au anaogopa?”

Nimesoma falsafa kidogo chuo kikuu, na nadhani swali hilo linawapita baadhi ya waliotufundishwa. Descartes, katika karne ya 17, aliwatazama wanyama kama mashine. Kwa baadhi ya wafuasi wake kelele ya mbwa anayepigwa ilikuwa jamaa wa kelele ya saa. Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, alisema cha kuuliza kuhusu mnyama ni kama anaweza kuteseka, na kwamba kuuliza kama ana akili au lugha ni kupoteza shabaha. Tangu hapo tunaoona haya kuwa wakatili tumejihesabu upande wa Bentham. Lakini Bentham anakuacha mlangoni. Haya, anateseka. Anateseka nini, saa ngapi, na wewe unajuaje?

Mtu aliyewahi kupata kifafa kile cha mwili mzima atakuambia kwamba mtetemeko wenyewe haukumbuki. Anajua kimetokea kwa ulimi alioung'ata, kwa nguo zenye vumbi, na kwa nyuso za waliomzunguka. Fahamu ilikuwa imezimika. Sungura hawezi kutusimulia, lakini ubongo wake ni wa mnyama anyonyeshaye kama wetu, na sina sababu nzuri ya kudhani kwamba kwake mambo ni kinyume kabisa. Basi sungura wa kwanza, yule aliyepiga miguu hewani, yule aliyetufanya tugeuze uso, yaelekea katika dakika ile hakuwepo. Mateso yalikuwa machoni petu. Yake yalikuja baadaye, alipoamka haoni vizuri, hajui alipo, hana nguvu ya kufikia majani.

Yule wa pili alikuwa jambo jingine kabisa. Kujiviringisha si degedege. Ni mizani ya mwili iliyoharibika: kichwa kinamwambia kwamba ardhi imeinama, naye anajitupa upande kuifuata. Muda wote huo yuko macho. Utayaona macho yenyewe yakichezacheza kama ya mtu aliyeshushwa kwenye bembea ya Idi iliyozungushwa mno. Anaogopa, tena sana, na anaposhikwa kwa nguvu huogopa zaidi, hupiga teke, na uti wa mgongo wa sungura ni mwepesi kuvunjika. Lakini kwa mtazamaji aliye mlangoni na kisu, yeye ndiye aliyeonekana nafuu. Alikuwa akitulia baina ya mizunguko. Alikula hata kipande cha tembele.

Kisu kikifuata kinachotisha macho, kitaanza na asiyejijua na kumwacha aliyeshikwa na hofu. Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wanaosema huruma ni moyo tu. Moyo wa shemeji haukuwa na kasoro. Kilichopungua kilikuwa kutazama.

Na kutazama kuna kazi zake, tena za kuchosha. Humshiki anayetetemeka, humtii maji mdomoni, humwekei kijiko. Unaondoa vitu vigumu, unatandika kitambaa, unazima kelele na mwanga, unahesabu dakika. Ukiwa na simu unarekodi, kwa sababu utakayemwita atauliza ilikuwaje na maneno yako yatakuwa yameshaingia woga. Kisha unajiuliza kulikuwa na nini kabla. Mwezi wa kaskazi chini ya bati sungura anaweza kufikia kutetemeka kwa joto peke yake. Hana jasho la kumpoza, anategemea masikio. Dawa ya viroboto yenye fipronili, ambayo mbwa na paka huivumilia, kwa sungura ni sumu inayoleta mtetemeko huo huo. Wachanga hupata pia kokisidia za tumbo na ini, na mwisho wake mbaya unaweza kufanana na haya.

Kwa hawa wawili, daktari wa mifugo tuliyempigia na kumtumia picha alishuku kijidudu. Kina historia yake. Mwaka 1922 Wright na Craighead waliandika juu ya sungura wachanga waliopooza, na wakakikuta ndani ya ubongo na figo. Mwaka uliofuata Levaditi na wenzake kule Paris walikipa jina, Encephalitozoon cuniculi. Hupita katika mkojo, na jike aliyenacho anaweza kuwapa watoto wake wakiwa bado tumboni. Jike lenyewe huenda lisionyeshe kitu. Sungura wengi hukibeba maisha yao yote bila kuugua, ndiyo maana hakuna wa kulaumiwa katika hadithi hii, ingawa ua ule ulimtafuta kwa bidii. (Binadamu mwenye kinga dhaifu anaweza kukipata pia, mikono ioshwe.) Dawa inayotumika ni fenbendazoli, jamaa wa dawa za minyoo tunazowapa mbuzi, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kila siku, kwa siku 28. Sungura wa gramu 800 ni miligramu 16. Kipimo hicho hakijazi hata kijiko cha chai, na chupa yenyewe imeandikwa kwa ajili ya mbuzi. Inazuia kijidudu kisizidi. Ubongo ulioumia hairudishi.

Siku ishirini na nane. Shemeji aliposikia hivyo alicheka, na kicheko chake kilikuwa na hoja ya tatu, iliyo nzito kuliko mbili za kwanza: ni sungura tu. Nyumba ina watoto wa skuli, ina mbuzi, ina paa linalovuja. Nani atasimama asubuhi na bomba la sindano akimlisha dawa mnyama ambaye bei yake sokoni haifiki bei ya nauli ya kuifuata dawa hiyo mjini? Sidhani hoja hii inajibiwa kwa kumwambia mtu maskini kwamba kila uhai una thamani sawa. Hatuishi hivyo, hata sisi tunaosema hivyo; tumekula kuku mchana wa siku ile ile.

Jibu nililoweza kulipata lilikuwa upande wa pili wa barabara. Kima wa Jozani huugua na kuanguka, na hakuna anayeona kwamba jirani wa msitu ana deni kwao. Msitu una njia zake. Lakini kima hao hao walipokuwa wakigongwa na magari kwenye barabara ile ipitayo hifadhini, yaliwekwa matuta. Kifo kile hakikuwa cha msitu, kilikuwa chetu, na kila gari liendalo Paje au Makunduchi sasa linapunguza mwendo kwa ajili ya mnyama ambaye hata jina lake, punju, maana yake ni sumu. Deni linafuata mkono uliosababisha.

Sungura wa banda ni wa upande wa barabara. Hana msitu. Yule sungura mjanja tunayemjua katika hadithi, anayemcheza shere simba, ni mnyama wa porini, na huyu wa kufugwa ni mgeni aliyeletwa. Ukimfungulia mlango aingie Jozani hujamwachia huru, umemtupa. Katika vyuo vya Kurani tulisimuliwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Utotoni nilidhani kosa lake lilikuwa njaa ile. Sasa naona kwamba uzito wote uko kwenye kufunga. Paka wa mitaani angekufa njaa Malindi na hadithi isingekuwepo. Wavu wa mpwa wangu, uliokuwa mapambo ya ua, ndio uliotufunga sisi na wale sungura. Bei haina nafasi kubwa katika hilo. Mtu hupima bei kabla ya kuweka wavu.

Nisieleweke kwamba napinga kumpumzisha mnyama. Sungura wa kwanza alipata mtetemeko wa pili baada ya adhuhuri, na alasiri ukaja wa tatu, wa nne, bila yeye kuamka katikati. Hakula, hakufuata mkono kwa macho, mwili ulikuwa baridi. Hospitali ya mifugo wangempa daizepamu, dawa ile ile wanayopewa watoto wa binadamu. Sisi hatukuwa nayo, na barabara ya mjini ni ndefu kwa mwili wa namna hiyo. Shemeji alimchukua nyuma ya mgomba, akakinoa kisu upya, akamaliza kwa mkono wa mtu anayejua. Alifanya sawasawa. Kitendo hicho hicho asubuhi, kwa kisu hicho hicho na huruma hiyo hiyo, kingekuwa makosa, kwa sababu asubuhi hakuna aliyekuwa amejua lolote isipokuwa kwamba anatisha. Wapo watakaosema matokeo ni yale yale, sungura amekufa. Mpwa wangu hasemi hivyo. Alikaa naye saa saba akiandika nyakati nyuma ya daftari la hesabu, na alipomkabidhi kwa baba yake alikuwa anajua anachokabidhi.

Wa pili yupo. Kichwa kimebaki upande. Huenda kitabaki hivyo maisha yake yote. Wapo sungura wanaoishi miaka na kichwa kilichopinda, wakila, wakijilamba, wakilala wamejinyoosha kama wenye amani. Je, hayo ni maisha? Rafiki yangu mmoja, niliyemwonyesha picha, alisema yeye asingetaka kuishi hivyo. Lakini hakuna aliyemwomba rafiki yangu aishi hivyo. Sungura hajilinganishi na ndugu zake walionyooka, hana kioo, hana aibu ya kutazamwa. Ana ardhi iliyoinama, ambayo polepole anajifunza kuikanyaga. Mara ya mwisho kumwona alikuwa anajiviringisha mara moja kwa siku, na hiyo ni pale paka anaporuka juu ya banda.

Wamempigilia sahani chini, upande wa shavu lililoelekea ardhi. Pembezoni mwa banda wameweka magunia yaliyojazwa makumbi ili akianguka asigonge mbao. Dawa ilikuwa siku ya kumi na tisa nilipoondoka. Shemeji bado anasema ni sungura tu, na kila anaporudi kutoka shamba, kabla ya kuvua viatu, anauliza kwa sauti kutoka kizingitini, “Kala?”