Sindano Bora ya Makunyanzi ni Ipi?

Mtu anayetaka kuondoa makunyanzi ya uso kwa sindano huuliza kwanza: ipi hudumu zaidi? Katika insha hii nadai kwamba swali hilo limekosea kipimo. Sindano bora ni ile inayomwachia mtu nafasi ya kubadili nia.

Tuzitazame aina tatu. Ya kwanza ni Botox, sumu ya bakteria inayotolewa kwa kiasi kidogo mno ili kulegeza misuli inayokunja ngozi. Daktari wa macho Jean Carruthers wa Vancouver, Kanada, alikuwa akiitumia kutibu misuli ya kope inayokaza bila hiari, akaona makunyanzi ya katikati ya nyusi nayo yanalainika. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2002. Nguvu yake huisha baada ya miezi 3 au 4 hivi. Ya pili ni kijazo cha asidi ya hialuroniki. Hiki hakilegezi misuli, bali hunyanyua ngozi iliyobonyea. Hukaa miezi kadhaa, pengine zaidi ya mwaka, na daktari anaweza kukiyeyusha kwa kimeng'enya. Ya tatu ni kijazo chenye chembe ndogo za plastiki ambazo mwili hauwezi kuziyeyusha. Zikileta uvimbe, huenda zikahitaji kisu.

Kwa hesabu ya fedha, ya tatu inavutia, kwa kuwa hairudiwi kila mara. Lakini uso si ukuta. Unaendelea kubadilika, na mwenye uso hubadilika pia. Anayechagua akiwa na miaka 35 anamwamulia mtu wa miaka 60 ambaye bado hajamjua. Kwa haki gani?

Mpinzani atasema kwamba hata kuzaa ni uamuzi usiorudi nyuma, na hatuulaumu. Ni kweli. Lakini mtoto hupendwa kwa sababu zinazodumu. Kunyanzi mara nyingi huchukiwa kwa sababu ya macho ya watu, na macho ya watu hugeuka kama mitindo ya nguo. Si busara kuipa sababu ya kupita jibu la kudumu.

Simkatazi mtu sindano, wala sisemi kwamba zile mbili za kwanza hazina hatari. Namwomba tu, kabla hajauliza itadumu miezi mingapi, aulize: nikijuta, itaondoka?