Mke Amfuataye Askari: Je, Kufuata Kwatosha Kuwa Kazi?

Hili ni suala ambalo twapenda ndugu zetu walifikiri kwa akili iliyotulia: Mtu aliyeacha mji wake na kazi yake ili amfuate mwenziwe ugenini, je, kufuata huko kwatosha kuwa ndiko kazi yake? Na ikiwa hakutoshi, ni juu ya nani kumtafutia njia?

Huenda msomaji akasema: "Jawabu la suala hili lajulikana, mke kazi yake ni nyumba, na mume ndiye amlishaye." Twamwomba asubiri kidogo, tumwonyeshe watu ambao kwao jambo hili limedhihiri kuliko kwetu, kisha tumrudie.

Dola ya Marekani ina majeshi katika nchi nyingi za kigeni, na mojawapo ni Ujerumani. Karibu na mji wa Kaiserslautern uko uwanja wa ndege za vita uitwao Ramstein, na pande hizo hukaa maelfu ya askari pamoja na wake zao na watoto wao. Askari mwenye ahali hupelekwa huko aghlabu kwa miaka 3, kisha huhamishwa. Wako na waume waliowafuata wake zao walio askari, lakini walio wengi ni wanawake, na hao ndio tutakaowataja.

Mke huyo huenda kwao alikuwa muuguzi au mwalimu. Katika Marekani kila jimbo hutoa ruhusa yake lenyewe ya kazi hizo, na ruhusa hiyo haivuki bahari. Akitaka kuuguza katika hospitali ya Wajerumani, hana budi kwanza cheti chake kikubaliwe na wakubwa wa huko, na yeye ajue Kijerumani cha kutosha. Na hayo yatimiapo, muda wa mumewe huwa umekaribia kwisha. Kambini kuna kazi za madukani, za skuli na za afisini, lakini wazitakao ni wengi kuliko kazi zenyewe. Akitaka kuitumikia kwa njia ya intaneti kampuni ya kwao, mwajiri huogopa kodi na sheria za nchi mbili. Akitaka kufanya biashara ndogo katika nyumba waliyopewa na jeshi, lazima aombe ruhusa ya wakubwa wa kambi. Mapatano ya dola za NATO yaliyotiwa saini London mwaka 1951 yamwezesha kukaa na mumewe. Lakini kukaa ni jambo moja, na kupata kazi ni jambo jingine.

Wala si wachache wenye taabu hii. Serikali yao ilipowauliza wake wa askari mwaka 2021, walio kwao na walio ugenini, ilionekana kuwa katika kila 100 wenye kutaka kazi, kadiri ya 21 hawakuwa nayo. Na mwaka huo katika watu wote wa Marekani, wasio na kazi walikuwa zaidi kidogo ya 5 katika 100.

Sasa na tutazame. Mwanamke huyu hana njaa. Nyumba anayo, tabibu anaye, na mshahara wa mumewe waingia kila mwezi. Basi alia nini? Alia kwa kuwa amri moja imewahamisha watu wawili, na aliyekula kiapo ni mmoja. Mume kila ahamapo huendelea na kazi yake. Mke kila ahamapo huanza upya. Elimu aliyoisomea kwa miaka yaozea sandukuni, na akiulizwa "Wewe ni nani?" hujibu kwa jina la mumewe. Kushiba si kuishi. Hata ng'ombe hushiba.

Ama hoja ya kuwa nyumba yamtosha, na izingatiwe hukumu ya madhhabi yetu ya Shafi'i. Mafakihi wetu wamebainisha kuwa nafaka ni juu ya mume, na kupika na kufua na kufagia si wajibu juu ya mke. Akifanya, amefanya ihsani. Na mali yake ni yake, mume hana fungu ndani yake illa kwa ridhaa yake. Basi vipi tuichukue ihsani ya mtu, tuigeuze deni, kisha tumwambie kuwa deni hilo ndilo makusudio yote ya umri wake?

Wako wamwambiao: "Jitolee, fundisha watoto, tembelea wagonjwa, utapata makusudio." Nasaha hii ni njema, na wengi imewahuisha nyoyo, kwani makusudio hayauzwi kwa mshahara. Lakini yataka tahadhari, kwani thawabu haibatilishi ujira. Sisi walimu wa vyuo twalijua hilo, maana mara nyingi twaambiwa kuwa malipo yetu yako kwa Mungu, na mwenye kusema hivyo mkono wake u mfukoni nao hautoki. Mwenye kutaka kujitolea na ajitolee. Lakini mwenye kutaka ujira wa halali kwa elimu yake, asiambiwe kuwa ana tamaa.

Na asidhani mtu kuwa haya ni mambo mapya. Bibi Ummu Atiyya, radhi za Mungu ziwe juu yake, alitoka na jeshi la Mtume, rehema na amani zimshukie, katika vita saba. Hakwenda kuwa mzigo: alilinda vyombo vya wapiganaji, akawapikia chakula, akawatibu majeruhi. Alifuata jeshi, naye ana kazi yake mwenyewe, na kwa kazi hiyo twamtaja hata leo.

Basi jawabu letu ni hili. Kufuata ni ihsani kubwa, lakini si kazi. Juu ya mke ni asingojee siku ya kutulia, kwani huenda isifike: ajifunze lugha ya wenyeji tangu mwezi wa kwanza, asiache cheti chake kikafa, na achague katika elimu yake ile iwezayo kusafiri. Na juu ya mume ni mambo matatu: amshauri kabla ya kuridhia kuhama, kila palipo na hiari, asimhesabie nafaka kuwa ni fidia ya alichokiacha, na ashike sehemu ya kazi ya nyumba na watoto, ili mke apate saa za kusoma na kutafuta.

Na sasa twakurudia wewe, ndugu msomaji, usiye askari. Unapomchukua mkeo kwenda Maskati, au Uingereza, au bara, kumbuka kuwa huenda hapa alikuwa na chuo barazani, au cherehani yenye wateja, au darasa la wanawake wenziwe. Umelipa nauli yake; je, umeuliza gharama ya alichokiacha? Muulize kabla chombo hakijang'oa nanga, na jawabu lake ulifanyie kazi. Wa billahi taufiki.